Aje Amchukue Mikononi Mwangu

Jina lake la kitambulisho lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Ngumi. Wageni walidhani ni kwa ajili ya mdomo wake, maana aliweza kubishana na mteja mpaka mteja akasahau alikuja kununua nini. Lakini asili ya jina ilikuwa unga. Ngumi alikuwa mwoka mikate. Siku mashine ya kukandia ilipoharibika, enzi za uhai wa mume wake, aliingiza mikono yote miwili kwenye beseni akasema hawezi kukaa kungoja chuma kipone, na tangu hapo mashine hakuirudia tena. Mabega yakamtanuka kama ya mpakia mizigo. Akikusalimia kwa mkono, ulihakikisha baadaye kama vidole vyote vimerudi nyumbani.

Alikuwa na wadogo wawili, aliowalea mwenyewe baada ya wazazi kufariki. Mmoja alikuwa mchungaji wa kanisa la pale kwenye kona, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hata akikemea pepo ungedhani anamwomba radhi. Wa mwisho walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba: msichana mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, anayefanya kazi ya kupima na kupanga mbao katika karakana ya seremala.

Ngumi na Mungu walikuwa wameachana. Hapakuwa na ugomvi wa hadharani. Mume wake aliugua ini, wakamwombea, wakafunga, wakakesha, na bado wakamzika. Pale makaburini mama mmoja wa kanisa akamshika bega akamwambia, "Usilie mwanangu, Mungu amempenda zaidi."

"Zaidi kuliko mimi?" Ngumi akamgeukia. "Haya, kamuulize basi huyo Mungu mume wangu anapenda chai ya namna gani."

Kuanzia siku hiyo hakukanyaga kanisani. Mdogo wake alipomfuata dukani kumsihi, alimjibu bila kuacha kukanda. "Mchungaji, sikiliza. Yupo, hayupo, mimi sijui. Kama yupo, tuna kesi mimi na yeye. Kama hayupo, basi tuko wenyewe, na kazi ni nyingi. Hebu nisogezee hiyo chumvi."

Mambo yakakaa hivyo kwa miaka. Halafu nyoka akamuuma Kitinda.

Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, wakati nyoka nao hutafuta pakavu kama watu. Kitinda alipitisha mkono katikati ya mbao akivuta ubao mmoja uliokwama, akahisi kama amechomwa msumari. Seremala mwenyewe alimbeba kwenye pikipiki. Walipofika hospitalini, msichana alikuwa bado anaongea, tena anatania kwamba nyoka atajuta. Lakini kope zilikuwa zinamshuka kama pazia, na maneno yakaanza kumteleza. Kabla jua halijazama hakuweza tena kuinua kidole. Wakampitishia mrija kooni, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia, moja pekee iliyokuwepo katika hospitali ile, wakamtundikia dawa ya sumu ya nyoka.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimweleza Ngumi pale kando ya kitanda. "Sumu hii inafunga misuli, mama. Moyo wake ni mzima, na akili yake sina sababu ya kudhani imeguswa. Ni kama mtu aliyefungwa kamba ndani ya ngozi yake mwenyewe. Dawa tumempa. Sumu ikilegea, atapumua mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho. Keshokutwa. Kukudanganya siwezi, sijui."

"Anatusikia?"

"Huenda."

Ngumi akainama sikioni mwa mdogo wake akamwambia, "Umesikia? Usijifanye umelala."

Alfajiri upepo ulikuja na hasira zote. Uling'oa mabati, ukalaza miti barabarani, ukaangusha nguzo za umeme mstari mzima kama mtu anayekata mahindi. Taa za wodi zikazimika. Jenereta ya hospitali ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Na katika ule ukimya Ngumi, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, akasikia kitu kilichomwamsha kuliko kelele yoyote: mashine ya Kitinda haikuwa inapumua.

Muuguzi wa zamu alikuja mbio. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, ambaye wodi nzima walimwita Sista. Alichomoa mrija kwenye mashine, akauchomeka kwenye mfuko wa mpira ulio na umbo la yai kubwa, akaanza kuubinya kwa mikono. Kifua cha Kitinda kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Njoo," Sista akamwambia Ngumi. "Nina wagonjwa wengine. Shika hapa. Unabinya, unaachia. Unatazama kifua, hutazami kitu kingine. Usiwe na papara, wala usizubae. Pumua na wewe. Ukiona wewe unahitaji pumzi, ujue naye anaihitaji."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka umeme urudi, au yeye arudi. Na ukichoka, sema. Usione aibu. Ukinyamaza ndipo utamuua."

Ngumi akashika mfuko. Ulikuwa mlaini, mwepesi, kitu cha kuchekesha ukilinganisha na donge la unga. Alidhani angeweza kuubinya mwaka mzima. Lakini unga una ruhusa ya kungoja. Unaweza kuufunika kitambaa ukaenda kunywa maji. Pumzi haina kitambaa. Kabla ya chai ya asubuhi vidole vilianza kufa ganzi, na mgongo ukawa unamuuma mahali ambapo hakujua kama ana mgongo.

Wakasaidiana. Seremala alikuja akashika zamu akiwa amekunja uso kama anayepiga randa. Mfagizi wa wodi, mtu mfupi mwenye kikohozi cha tumbaku, akaegemeza fagio ukutani akasema, "Leteni hapo, mama akajinyooshe." Mwanamke aliyekuja kumtazama shangazi yake akashika zamu naye bila hata kujua mgonjwa ni nani. Habari ya barabara ikaja: mto umefunika daraja, gari la kumpeleka hospitali kubwa halipiti. Kuhusu mafundi wa umeme, hakuna aliyejua walipo.

Kwenye kitanda cha pili, nyuma ya pazia, alilala dereva mstaafu wa malori, mapafu yamemchoka, aliyekuwa akiishi kwa mashine ya kuvuta hewa. Mashine hiyo nayo ilikuwa imezimika. Sista alimwekea mtungi wa mwisho wa oksijeni uliobaki stoo. Mke wake, mwanamke mwenye umbo dogo, alikaa akimshika mkono na kuomba kwa sauti ya chini, isiyokatika, kama mtu anayemsimulia jirani jambo kupitia ukuta.

Alasiri Mchungaji akafika, matope mpaka magotini. Alikuwa amezunguka kwa njia ya mlimani. Nyuma yake walikuwa wazee wawili wa kanisa na Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba yao, mtu ambaye katika ukoo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsubiri amalize.

Mchungaji akamtazama Kitinda. Kope zilikuwa zimefunguliwa nusu, mboni hazisogei. Akamgusa mguu, ulikuwa wa baridi. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Tuombe," akasema. "Tushikane mikono, tumwombee."

"Ombeni," Ngumi akajibu, mikono ikiendelea. "Ila mimi mikono yangu ina kazi."

"Dada, dakika moja tu."

"Nani atashika mfuko hiyo dakika moja?"

Wakaomba bila yeye, wakiwa wamezunguka kitanda, na kila walipovuta pumzi kusema "ewe Mungu wetu" Ngumi alikuwa anabinya, wakisema "tunakusihi" anaachia, mpaka ikawa kama yeye ndiye anayewapigia ngoma. Walipomaliza kwa amina, Baba Mdogo akajikohoza.

"Wanangu," akaanza. "Mimi nimeona mengi. Huyu mtoto amekwenda. Tazameni macho yake. Kinachopanda hapo si pumzi yake, ni upepo tu tunaomsukumia. Tunamtesa. Ajali haina kinga, na siku ikifika haina tabibu. Mungu ameshasema, sisi tunampinga kwa mpira. La kuvunda halina ubani. Mwachieni Mungu wake."

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa polepole. Ngumi akamwangalia mdogo wake, Mchungaji. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe unasemaje?"

"Dada..." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimewazika watu wengi. Nayajua macho ya namna hii. Labda kweli Mungu anamwita, na sisi ndio tunaomziba masikio."

Basi hapo ndipo wodi nzima ilipoelewa kwa nini wageni walidhani jina la Ngumi ni la mdomo wake. Hakupiga kelele. Sauti ilimshuka, ikawa nzito.

"Anamwita? Vizuri. Mimi niko hapa. Kama Mungu anamtaka mdogo wangu, aje amchukue mikononi mwangu. Aje mwenyewe, asitume wajumbe, asitume wajomba. Ashike hivi vidole avikunjue kimoja kimoja. Lakini kumwekea mezani kama sahani, nikasogea pembeni, nikasema 'karibu'? Sifanyi."

"Unakufuru!" mzee mmoja akasema.

"Nakufuru nini? Hamsemi ana nguvu? Basi mimi mwoka mikate nitamzuia vipi? Akitaka atanishinda. Sasa nyinyi mna wasiwasi gani?" Akabinya, akaachia. "Mimi nakuambia, Baba Mdogo, na heshima yako iko palepale: kila mtu anayekufa kwa kukosa mtu wa kumshika, mnasema siku yake ilifika. Siku hiyo nani aliiona ikifika? Ilikuja na miguu gani? Ondokeni mbele ya mwanga, sioni kifua."

Wakaondoka mbele ya mwanga. Baba Mdogo akatoka nje akinung'unika kwamba mwanamke huyu alikosa kuchapwa utotoni. Wazee wakamfuata. Mchungaji peke yake akabaki, amesimama kati ya kitanda na mlango kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Jua lilipokuchwa, seremala alikuwa amekwenda kuangalia watoto wake na paa lake lililoezuliwa. Mfagizi alikuwa amelala kwenye benchi, mikono imemning'inia. Sista alikuwa nyuma ya pazia. Ngumi, akibinya kwa mkono wa kushoto, alijaribu kufunga ngumi ya kulia, ikakataa. Vidole vilibaki vimejikunja nusu, kama si vyake. Alijua amefika mwisho. Na aliyekuwepo alikuwa ni yule yule aliyesema labda Mungu anamwita.

"Njoo hapa," akamwambia.

Mchungaji akasogea.

"Mikono yangu imekwisha. Nakupa mfuko. Sikuulizi unaamini nini. Ukiamini, binya. Usipoamini, binya. Ukisikia sauti kutoka mbinguni, isikilize huku unabinya."

"Na kama..."

"Hakuna na kama. Ni mdogo wako. Ulimbeba mgongoni akiwa na upele."

Akampa. Aliangalia kifua kikipanda kwa mkono wa yule mwingine, mara ya kwanza kwa hofu, mara ya pili kwa utulivu zaidi, kisha akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, na usingizi ukampiga kama mtu aliyekuwa akimvizia.

Kilichomwamsha ni kilio. Kilikuwa kifupi, halafu kimya. Aliruka akidhani ni Kitinda. Lakini kifua cha Kitinda kilikuwa kinapanda na kushuka, na Mchungaji alikuwa palepale, jasho linamtiririka, midomo inasogea. Kilio kilitoka nyuma ya pazia. Mtungi wa dereva ulikuwa umekauka. Mke wake alikuwa ameacha kuomba. Ile sauti ya chini isiyokatika ilikuwa imekatika. Sista alikuwa amesimama, mikono mitupu.

Ngumi akaenda akakaa kando ya yule mama. Hakusema Mungu amempenda zaidi. Alikaa mpaka ndugu wakaja na shuka, kisha akarudi.

"Ulikuwa unaomba?" akamuuliza mdogo wake, maana midomo yake ilikuwa bado inasogea.

"Nilijaribu." Mchungaji hakuondoa macho kifuani. "Lakini nikiomba nafumba macho, na nikifumba macho nasahau kubinya. Kwa hiyo nikaacha kuomba. Namsimulia tu. Nimemsimulia tulivyoiba sukari, na ulivyotukimbiza na mwiko."

"Uliacha kuomba?"

"Usimwambie Baba Mdogo."

Ngumi alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka, na machozi yakatoka ndani yake. Akaosha uso, akajifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, akashika tena.

"Dada," Mchungaji akasema, akinyoosha vidole. "Nimekuwa nikifikiri. Labda ndiye yeye. Labda Mungu ndiye anayebinya, ila anatumia mikono yetu."

"Hapana."

"Sikiliza kwanza."

"Nimesikia. Na nimekataa. Usimpe mikono yangu. Hii ina mwenyewe. Inauma, na anayeumwa ni mimi. Kama ni yake, kwa nini hakuwa na mingine ya yule mzee wa kitanda cha pili hapo? Wewe umesikia yule mama alivyoomba. Aliomba vizuri kuliko wewe."

Mchungaji alikaa kwenye kiti, akatazama pazia. Akasema, kana kwamba anajisemea, "Nilipokuwa nabinya peke yangu, niliogopa. Nilijiambia, je, kama hakuna mtu mwingine? Kama ni mimi tu na huu mpira, na hakuna anayetazama? Nikadhani mikono italegea."

"Ikalegea?"

"Ilikaza."

Wakaendelea kupokezana hivyo, kaka na dada, na mfagizi alipoamka akajiunga nao, na Sista akaleta chai ya rangi isiyo na sukari ambayo hakuna aliyeilalamikia. Asubuhi ikaingia dirishani, nyeupe, imetulia, kama si ile iliyopiga watu jana yake. Ngumi ndiye aliyekuwa na mfuko. Alibinya, akaachia, na kabla hajabinya tena, kifua kikapanda.

Alidhani macho yamemdanganya. Akangoja. Kikapanda tena, kidogo, kama mtu anayejaribu mlango asioujua kama umefungwa.

"Sista!" akapiga ukelele. "Sista, ananiibia zamu!"

Daktari alikuja na viatu mikononi. Akasema waendelee kumsaidia, wasimwachie bado. Mchana kidole gumba cha mguu kilicheza. Jioni kope zilifunguka kabisa, na macho ya Kitinda yakazunguka chumba kizima, yakamfikia dada yake, yakasimama.

Mrija ulipotolewa, siku iliyofuata, neno lake la kwanza lilikuwa la kukwaruza, ikabidi wamwinamie. "Baba Mdogo," alisema, "yuko wapi? Nimpige kofi. La kuvunda!"

Alikuwa amesikia yote. Sumu ilikuwa imemfunga mwili na kumwachia masikio. Alisikia sala, akasikia hukumu yake mwenyewe, akataka kupiga kelele na hakuwa na cha kupigia. "Uliposema aje amchukue," alimwambia Ngumi, "nilisema moyoni, Mungu wangu, usimjibu huyu mwanamke, atakuumiza." Akacheka, akakohoa, akashika koo.

"Kwa hiyo ulimwomba."

"Nilimwomba yeye akupe nguvu, na nikakuomba wewe usilale. Mgonjwa haulizwi uji, dada. Nilikuwa naomba kila mtu."

Baba Mdogo alileta kuku, akawaacha mlangoni, akaondoka kabla hajakaribishwa.

Kanisa lilitangaza ibada ya shukrani. Ngumi hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu Kitinda, akiwa bado anatembea kwa kushika kuta, alisema asipokwenda naye atakwenda peke yake na kuanguka njiani makusudi. Kanisa lilijaa. Waliimba, wakacheza, na Baba Mdogo, aliyekuwa kiti cha mbele kama bwana harusi, akasimama akanyoosha mikono.

"Mungu ni mkuu! Madaktari walishindwa, mashine ikashindwa, umeme ukashindwa, lakini Mungu hakushindwa! Muujiza, ndugu zangu, muujiza!"

Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji, pale madhabahuni, hakupiga. Alikuwa anamtazama dada yake, na macho yao yalipokutana, akasema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Dada, una neno?"

Hakuwa amejitayarisha. Akasimama hapo hapo alipo, kiti cha nyuma.

"Ninalo. Nimefurahi kuliko nyote humu, kwa hiyo msidhani nimekuja kuwaharibia. Ila nataka tuseme lililotokea. Mfagizi alibinya. Seremala alibinya. Mwanamke mmoja simjui jina, alikuja kumwona shangazi yake, akabinya. Sista alitufundisha, daktari alitia dawa. Mchungaji wenu alibinya mpaka viganja vikatoka malengelenge, muulizeni awaonyeshe. Kama ni muujiza, basi uiteni hivyo, sina ugomvi na neno. Lakini kitanda cha pili alikuwepo mzee, dereva. Mke wake aliomba usiku kucha. Amekufa. Mkisema Mungu alimwokoa mdogo wangu, niambieni yule alimfanya nini. Mtu mmoja anijibu, nikae."

Baba Mdogo alifungua mdomo, akaufunga. Wote wakamgeukia Mchungaji.

Yeye alitazama viganja vyake. "Sina jibu," akasema. "Nimelitafuta wiki nzima. Ningekuwa nalo ningelisema." Kisha akaongeza, "Naamini bado. Lakini jibu sina."

"Basi nakaa," Ngumi akasema, akakaa.

Walimaliza ibada wakiimba taratibu kuliko walivyoanza. Nje, watu wengine walimpita Ngumi bila salamu. Mama mmoja alimbana mkono kwa siri, akaenda zake. Kitinda alimwambia, "Mimi nitaendelea kuja hapa, ujue."

"Njoo. Nani amekukataza? Nimekubinyia pumzi, sikukubinyia dini."

Kisha akamkabidhi kwa majirani, akashika njia ya kwenda kwa mjane wa dereva. Alipogeuka kona alisikia hatua nyuma yake. Mchungaji alikuwa amevua joho, amebaki na shati lililolowa mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kwenye ukuta wa sebule ilitundikwa picha ya marehemu akiwa ameegemea lori, kijana, anacheka. Mjane aliwakaribisha viti. Alikuwa amekauka, si machozi tu, bali mwili wote, kama kitambaa kilichoanikwa kikasahauliwa. Aliwaambia watu wamekuja wengi, wamempa pole, wamemwambia ashukuru.

"Wananiambia siku yake ilifika," alisema. "Kila anayekuja. Na mimi nasema ndiyo, asante. Lakini, Mchungaji, nikuulize wewe uliyekuwepo. Mungu alikuwa wapi?"

Mchungaji alitazama mlango kiasi kwamba Ngumi alidhani atatoroka. "Mama, yeye sijui alikuwa wapi," akasema hatimaye. "Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia. Nilikusikia ukiomba. Sikuweza kuja."

Mjane akatikisa kichwa. Hakuonekana kufarijika, wala kukasirika. Akamgeukia Ngumi, kama anayeuliza kama naye ana pole yake ya kumkabidhi.

Ngumi akavuta kiti karibu.

"Mimi nakuambia kitu kimoja, mama, na ukitaka nifukuze. Siku yake haikufika. Umeme ulikatika. Umeme ulikatika, na jenereta ilikuwa mbovu, na mtungi ulikuwa mmoja. Mume wako hakuitwa na mtu. Aliachwa."

Mchungaji alishtuka, akanyoosha mkono kama kumzuia. Lakini mjane alikuwa ameinua uso. Kisha kikamtoka, kutoka mbali chini, kilio ambacho hakikuwa cha kusikitika hata kidogo, akapiga paja lake kwa kiganja, akapiga tena, akasema, "Nilijua! Nilijua mimi! Alikuwa ameniambia kesho twende tukamwone mjukuu! Siku gani? Siku gani ilifika?" Na Ngumi akamshika mabega kwa ile mikono yake mipana, wala hakumwambia anyamaze.

Alipotulia, aliomba maji. Mchungaji akaenda kuyachota mwenyewe mtungini.

"Kesho naenda hospitalini," Ngumi alisema. "Nataka kujua ile jenereta imeharibika tangu lini, nani alijua, na nani anasubiri nini. Nikiambiwa tumwachie Mungu, nitaketi hapo hapo mlangoni mpaka waniambie jina la mtu. Nakwenda asubuhi, nikishatoa mikate."

Mjane alikunywa maji yote. Akajifuta mdomo kwa upande wa kiganja.

"Wewe unapita njia ipi?" akauliza.

"Hii ya hapa nje."

"Basi piga hodi," alisema. "Nitakuwa nimeshavaa."